Mti Ambao Hatukuuchora

Yule mama aliyekuwa akituuzia picha zetu alipenda kuleta wageni waje kututazama, na kila alipowaleta alikuwa na maneno yale yale: "Hiki ndicho kijiji cha wasanii cha Eastlands." Kijiji! Ilikuwa veranda ya nyumba ya mtu na kiwanja kidogo mbele yake, na sisi tumekalia mikebe ya rangi iliyokwisha. Mwanzoni tulikuwa wengi, watu wakija na kuondoka, kila mmoja na brashi zake kwapani, lakini mwishowe tulibaki watatu. Na kiwanja chenyewe hakikuwa chetu. Kilikuwa cha Shosho.

Naandika haya nikiwa na uchungu, na sina haja ya kuuficha. Watu wa kanisani kwangu huniambia nisamehe, nisahau, nimwachie Mungu. Nimejaribu. Kisha napita barabara ile, naliona lile bango lao la maghorofa, na kila kitu kinanirudia.

Huku Eastlands kila bibi kizee ni shosho wa mtu, na asiye na wajukuu karibu huwa shosho wa mtaa mzima. Wetu alikuwa mjane wa mfanyakazi wa reli. Aliishi upande wa Ziwani, katika mojawapo ya zile nyumba kongwe za mawe zilizojengwa zamani za wakoloni, zimeshikana ubavu kwa ubavu, paa la vigae vyekundu, milango ikitazama uwanja. Nyumba haikuwa yake kisheria. Alikuwa mpangaji tu, kama majirani zake wote. Lakini ungemwona alivyoitunza ungedhani ameijenga kwa mikono yake. Asubuhi alinyunyiza maji kiwanjani kwanza ili vumbi lisiruke, ndipo akafagia. Ua wa kayaba aliukata kwa panga mpaka ukanyooka. Mawe ya kando ya njia aliyapaka chokaa kila Krismasi ilipokaribia. Mlango wake ulikuwa wa kijani, na mbele ya mlango ule kulikuwa na mjakaranda mkubwa ambao mumewe aliupanda walipojaliwa mtoto wao wa kwanza.

Tulifika kwake kwa sababu ya mkubwa wetu, mchoraji aliyeanza maisha kwa kuchora mabango ya vinyozi. Shosho alimwita ampakie mlango rangi, akamtazama akifanya kazi, akamuuliza mkono kama ule unafanya nini na vichwa vya kinyozi.

"Ndiyo kazi iliyoko, Shosho," mkubwa wetu alimjibu.

"Basi njoo ukae hapa kivulini uchore kitu Mungu ameumba."

Akaja, akatuita na sisi. Shosho hakutaka kodi. Alitaka pasiwe na sigara, pasiwe na matusi, na Jumapili pasiwe na kazi. Saa za chai alitoka na thamosi ya chai ya maziwa, na kama kuna nduma, na nduma. Nimekaa kwenye nyumba za watu wa dini zaidi yake na sijakaribishwa hivyo.

Mahali pengine mchoraji huanza picha yake na kuimaliza mwenyewe, akatia sahihi pembeni na kujisifu. Sisi hatukuwa na nafasi ya majivuno hayo. Tulinunua kitambaa cha marekani sokoni Gikomba, tukaipigilia kwenye mbao, tukaipaka gundi na rangi nyeupe ya ukutani, na hiyo ndiyo ilikuwa turubai yetu. Kila turubai ilipita mikono mitatu. Mimi nilikuwa mtu wa anga. Nilipaka anga kwenye turubai kadhaa kwa mfululizo, kama mtu anayesonga ugali wa harusi, nikaziegemeza ukutani zikauke. Mkubwa wetu alizichukua hapo akaweka milima, miti na majengo. Mwisho zilikwenda kwa kijana mmoja wa mtaa wa Kayole, ambaye ndiye aliyekuwa mtu wa kumalizia: vitu vidogo vidogo vinavyofanya jicho la mnunuzi lisimame. Huyu hakupenda kufanya kazi mbele za watu. Alizifunga turubai kwa kamba akaenda nazo kwake, akazimalizia chumbani mwake juu ghorofani akisikiliza redio. Kutoka kwake zilikwenda moja kwa moja kwa mama muuzaji, upande ule mwingine wa mji wenye miti mingi na mageti.

Shika hili, kwa sababu ndilo lililotuumbua baadaye. Shosho aliziona picha zetu zikiwa nusu. Aliona anga langu na kuta za mkubwa wetu. Kazi ya kijana wa Kayole hakuiona.

Kwa miaka tulichora mlima wenye theluji na tembo chini yake. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuukaribia mlima ule. Tuliunakili kutoka kwenye picha zetu wenyewe, hata ukabadilika umbo na hakuna mnunuzi aliyelalamika. Lakini ukitujua, ungeweza kuyasoma maisha yetu kwenye tembo wale. Mwezi wa karo za watoto, nyika nzima ilikuwa kahawia, maana buluu ilikuwa ghali. Mke wa mkubwa wetu alipomtoroka, migunga yake yote ilipukutisha majani. Tuliponuniana mimi na kijana wa Kayole, alinijazia ndege weusi anga zima mpaka buluu yangu isionekane. Tulinuniana sana, na ndege wale waliuzwa vizuri.

Kisha mama muuzaji akaja na habari mpya. Alishuka kwenye gari lake, akakataa chai ya Shosho kwa tabasamu, akasema wateja wamechoka na tembo. "Nichoreeni mnakoishi," alisema. "Wageni wanataka maisha halisi."

Tulifurahi kupita kiasi. Miaka yote tumekaa mahali na hakuna aliyetuambia pana thamani ya kutazamwa. Tukageuza mikebe yetu, tukautazama mtaa. Mkubwa wetu alichora vigae kimoja kimoja. Ulikuwa msimu wa maua ya mjakaranda, na alichanganya zambarau mara kadhaa hadi ikamridhisha. Siku hizo hata kijana wa Kayole alikaa nasi kiwanjani, akachora mawe meupe ya njia na bogenvilia ya jirani. Shosho alitoka, akasimama nyuma ya bega langu, akapiga makofi.

"Huo ni mlango wangu!" Akaita majirani waje waone. Kisha akamgeukia mkubwa wetu. "Lakini ondoa hiyo kamba ya nguo. Shimizi yangu iko hapo."

Tulicheka. Kamba ikaondolewa. Naamini zile ndizo picha pekee za kweli tulizowahi kuchora, na zote zilirudi.

"Zinapendeza," mama muuzaji alituambia, akizipanga ukutani kwa Shosho kama mtu anayerudisha maziwa yaliyoganda. "Lakini hazisemi kitu. Hapa panaonekana pazuri tu."

Masika yalipoingia, bomba la maji taka lilipasuka nyuma ya nyumba za mstari wetu, maji meusi yakapita mbele ya milango. Kijana wa Kayole alikuwa na picha moja kati ya zile zilizokataliwa. Kwa hasira, au kwa utani, mpaka leo sijui, aliipitishia mtaro ule katikati, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na juu ya maji akaweka mwangaza mzuri wa mvua. Alikuwa na mkono, huyo kijana. Picha ilinunuliwa kabla haijatundikwa. Mama muuzaji alipiga simu mwenyewe, sauti imempanda. "Hii ndiyo! Leteni zingine kama hii."

Wakazi walichanga, wakaita fundi. Shosho alimsimamia na mwavuli wake mpaka bomba likazibwa, kisha akaosha njia kwa dawa, akapaka mawe chokaa upya ingawa Krismasi ilikuwa mbali. Mtaro ukaisha. Kwenye turubai zetu haukukauka tena: hata zile zingine zilizokataliwa tulizipitishia mtaro, zikauzwa zote.

Tuliiita kazi hiyo kutia uchafu, na tuliitamka kama fundi wa nguo anavyosema kutia pindo. Vigae vikawa mabati, na mabati yakala kutu. Ua wa kayaba ukawa magunia na nailoni. Mawe meupe yakafutwa. Akaongezwa mtoto pekupeku mwenye tumbo, ambaye kijana wa Kayole alimnakili kutoka kwenye gazeti la zamani, habari za nchi nyingine kabisa. Mlango wa kijani tu ndio uliobaki, kwa sababu mnunuzi hupenda karangi kadogo katikati ya dhiki.

Mti ulikuwa wa mwisho kuondoka. "Huu mti unaharibu," mama muuzaji alisema. "Unafanya watu waonekane wametulia." Mkubwa wetu, ambaye miti ndiyo iliyokuwa fahari yake, aliguna, akachukua brashi, akaupaka ukuta mahali palipokuwa na shina. Turubai zilizofuata hakuuweka tena.

Nilimuuliza, "Kwa hivyo mti ndio basi?"

Alinijibu bila kuinua kichwa. "Mti unanilipia nyumba?"

Kijana wa Kayole, ambaye alikuwa amekuja kuchukua turubai, alicheka. "Sista, relax. Hawa wasee hawadai maua. Wanadai noma, shida tupu."

Basi tuliendelea hivyo kwa miaka, tumekaa kwenye kivuli cha mjakaranda, maua yake yakituangukia kwenye rangi mbichi, tukiyabandua kwa kucha, tukichora mahali ambapo hapakuwa na mti. Wala usidhani mimi nilikuwa afadhali. Waliniambia wanataka mawingu mazito, nikawapa mawingu mazito. Nilijiambia mimi ni mtu wa anga tu, na anga ni la wote.

Shosho aliendelea kutoka na thamosi. Alisimama akatazama anga langu na kuta za mkubwa wetu, ambazo bado zilikuwa safi kwa sababu kutu ilikuwa kazi ya Kayole. Siku moja aliuliza, "Mbona siku hizi hamweki ua wangu wa kayaba? Na mti?"

"Vinawekwa mwisho, Shosho," mkubwa wetu alimwambia. "Yule kijana ndiye mtu wa majani na maua."

Nilisikia jibu lile na nikaendelea kupaka. Shosho aliridhika. Alikwenda kwa jirani, akachuma tawi la bogenvilia, akaokota na maua ya mjakaranda, akayafunga vizuri kwenye gazeti. "Mpelekeeni," alisema. "Asikosee rangi."

Picha zetu zilisafiri kutuzidi. Zilitundikwa kwenye maonyesho ambayo sisi tulialikwa kusimama kando yake na glasi ya juisi. Zilichapishwa kwenye vitabu vya kumeremeta na kwenye kalenda, na chini yake palikuwa na jina la mtaa wa Shosho, kwa herufi ndogo safi. Mimi nilikata ile kalenda nikaibandika ukutani kwangu. Nilikuwa na furaha, nisiseme uongo.

Ndipo ikaja habari kwamba nyumba zile zitabomolewa yajengwe maghorofa. Wakazi hawakukaa kimya. Nyumba zao zilikuwa za mawe, imara, na walichotaka ni zikarabatiwe, mabomba yabadilishwe, wao wabaki. Wenye mradi walisema watasikiliza kila mtu, wakaitisha kikao cha maoni kwenye ukumbi wa kijamii, ambao huku tunauita soshol. Shosho alijiandaa kwa kikao kile kama anayekwenda kumuoza binti. Alikuja hadi tulipokuwa tumekaa.

"Nyinyi mmechora nyumba hii miaka yote," alisema. "Siku hiyo njooni na picha. Mimi nikisema hapa ni pazuri, watasema ni kizee anapiga domo. Wakiona picha, watasema nini?"

Hakuna aliyemtazama usoni. Mkubwa wetu alisafisha brashi iliyokuwa safi.

"Zote zimeuzwa, Shosho," nilimwambia.

"Hata moja haikubaki?"

"Hata moja."

"Basi njooni hivyo hivyo mseme kwa mdomo."

Tulikwenda. Soshol ilijaa, watu wamevaa nguo za kanisani. Shosho alikaa mbele na kitambaa chake cheupe kichwani. Sisi watatu tulisimama nyuma karibu na dirisha. Wakazi walizungumza vizuri, mmoja baada ya mwingine, bila kelele. Kisha akasimama mtu wa mradi, kijana mtanashati, mpole, Kiswahili chake safi kama cha redio. Alisema anaheshimu kumbukumbu za kila mzazi aliyeko pale. Lakini alisema kumbukumbu hupamba, na hakutaka wategemee wahandisi wa mradi peke yao. Tuwatazame, alisema, watu wasio na upande. Tuwatazame wasanii waliokaa hapa hapa, miaka yote, macho yao yakiona.

Akawasha projekta.

Nilitambua anga langu kabla ya kitu kingine. Wingu lile zito, nililichora asubuhi moja ya jua kali. Chini yake kuta za mkubwa wetu, kisha mabati, kutu, magunia, maji meusi yanapita kizingitini, mtoto pekupeku. Picha ikabadilishwa, ikaja nyingine, na nyingine, na zote zilikuwa za mahali pale pale, na jina la mtaa lilikuwa chini.

"Huku si kwetu!" mtu alisema kwa sauti.

Kijana mtanashati aliirudisha ile ya kwanza. "Mlango huu wa kijani," aliuliza kwa adabu, "ni wa nani?"

Watu walitazamana. Shosho aliinua mkono polepole, kama mwanafunzi ambaye hana hakika. "Ni wangu."

"Asante, mama. Na waliochora ni watu unaowajua?"

Hapo ndipo alipogeuka. Alitutafuta kwa macho mpaka akatupata. Hakumjibu yule kijana. Alituuliza sisi, kwa sauti ile ile aliyotuulizia kama tunataka sukari.

"Huyu mtoto ni wa nani?"

Mkubwa wetu aliinamisha kichwa. Kijana wa Kayole alitoka nje. Nilibaki mimi, na watu wote wamenigeukia, na nilichosema nitakufa nacho moyoni: "Shosho, hiyo ni sanaa."

Kuna waliocheka, kicheko kibaya. Yule kijana wa mradi alinishukuru, tena akanipigia makofi, akaukumbusha ukumbi lile somo la sekondari kwamba sanaa ni kioo cha jamii. Shosho aligeuka mbele tena. Sikuuona uso wake. Niliona kitambaa cheupe tu, na mabega, mpaka kikao kilipofungwa.

Sijidanganyi. Walikuwa wamekwisha kuamua, na kikao kile kilikuwa cha kukamilisha taratibu. Pengine wangezibomoa nyumba zile hata kama tungechora maua tupu. Lakini wangelazimika kutunga uongo wao wenyewe, na uongo wa watu wa mradi watu wameuzoea, wangeupinga. Sisi tuliwapa wetu, umekauka, una fremu. Hilo ndilo linalonikata. Nao wamelala usingizi mzuri, naamini, maana hawakusema neno lolote la uongo siku ile. Tulikuwa tumewasemea.

Ubomoaji ulianza na mti. Waliukata kwa msumeno wa mashine asubuhi, ukaangukia ua wa kayaba. Vigae walivitoa kimoja kimoja kwa uangalifu, wakavipakia kwenye lori, kwa hivyo mtu fulani alijua vina thamani. Shosho alichukuliwa na binti yake, akaenda kuishi naye Komarock.

Mama muuzaji alinipigia simu wiki ile ile. "Huu ndio wakati wenu," alisema. "Vifusi, akina mama, machozi. Wateja wanauliza." Nilimkatia. Kijana wa Kayole hakumkatia. Alizichora, zikauzwa, naye amehamia nyumba yenye lifti. Tukikutana kwenye steji ya matatu siku hizi hunipungia mkono na mimi natazama upande mwingine. Mkubwa wetu amerudi kwenye vichwa vya vinyozi. Niliona bango lake moja juzi, kichwa kimechongwa vizuri, na masikio yamekaa sawa. Hakuna aliyemwomba auchafue.

Nilidhani nimemalizana na picha. Kisha binti ya Shosho akanipigia, akasema mama ananiita.

Nilikwenda Komarock nikiwa nimejiandaa kutukanwa. Nilitaka kutukanwa. Nilimkuta amekaa kwenye kochi, mgongo umenyooka, karibu na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Aliniuliza habari za watoto. Aliniuliza kama nimekula. Chai ikaja. Neno la soshol hakulitaja kabisa, na kila nilipofungua mdomo kulitaja alinisogezea mkate.

"Nataka unichoree nyumba yangu," alisema mwishowe. "Si ya kuuza. Ya kuweka hapo ukutani. Vile ilikuwa."

Niliichora peke yangu, chumbani kwangu, kazi ya mikono mitatu kwa mkono mmoja. Anga lilinijia upesi, buluu, bila wingu. Lakini kila nilipofika kwenye paa, mkono ulikwenda wenyewe kwenye rangi ya kutu. Nilipaka vigae, nikajikuta nimeweka michirizi ya kahawia chini yake. Nilifuta. Nikaweka njia, na kabla sijafikiri nimeipitishia mstari mweusi katikati. Nikafuta. Kuchora kitu kilichokuwa safi kiwe safi kulinichukua muda mrefu kuliko picha yoyote ya maisha yangu, na nilipomaliza nililia, kwa sababu kila kitu kilikuwepo: vigae, ua wa kayaba, mawe meupe, mlango, hata ile kamba ya nguo nilikumbuka kuiondoa.

Nilimpelekea imefungwa kwa leso. Alivaa miwani, akaisogeza kwenye mwanga. Alitazama kwa muda mrefu.

"Mti uko wapi?"

Nilitazama. Mti haukuwepo.

"Mlikuwa mkikaa chini yake," alisema. Hakuwa amekasirika. Alisema kama anavyokukumbusha mtu umesahau mwavuli wako.

Nilisema nitauongeza. Nikarudi nyumbani, nikafumba macho, nikautafuta. Nilikumbuka kivuli. Nilikumbuka maua yaliyokwama kwenye rangi. Lakini shina liligawanyikia wapi? Matawi yalifika paani au yaliishia kwenye ua? Miaka yote ile nilikuwa nimeupa mgongo. Nilifungua simu nikapekua picha za zamani, nikakuta turubai, na sisi tukitabasamu kando ya turubai, na mlango wa kijani nyuma yetu. Aliyepiga picha kila mara alikuwa amesimama chini ya mti, kwa hivyo mti wenyewe haukutokea hata mara moja. Nilimpigia mkubwa wetu, aliyeuchora akiwa na raha na kisha akaupaka ukuta. Alinijibu, "Sikumbuki, sista. Usinipigie tena."

Basi nikaenda mahali penyewe. Wamezungushia uzio wa mabati, mapya, bila kutu. Juu ya uzio wameweka bango refu lenye picha ya maghorofa yatakayokuwa, meupe, yenye vioo, na watu wembamba wanaotembea na mbwa. Na chini ya maghorofa yale, kuanzia mwanzo wa bango hadi mwisho, kuna mijakaranda. Imechanua yote. Zambarau ile ile ambayo mkubwa wetu alihangaika kuichanganya. Wao hawakusahau mti. Walijua kabisa kwamba mti hufanya watu waonekane wametulia.

Nilitoa karatasi na penseli. Nilichagua mmoja uliosimama mbele ya mlango, nikaanza kuunakili.

Mlinzi alitoka getini. "Mathe, unachora nini hapo?"

"Mti."

Aligeuka kulitazama bango, akanitazama tena. "Lakini hiyo si miti ya ukweli. Ni ya kompyuta."

"Najua," nilisema, nikaendelea.

Niliupaka kwenye picha ya Shosho, mbele ya mlango wa kijani, maua yote mahali pake, na nikampelekea. Alivaa miwani. Safari hii tabasamu lilikuja kabla hajamaliza kutazama, na alipitisha kidole kwenye shina, polepole, kutoka chini hadi linapogawanyika.

"Ndio huo," alisema. "Sasa umechora."

Kisha akaita jikoni kwa sauti niliyokuwa sijaisikia tangu siku za kule. Yule binti yake, ambaye ndiye mzaliwa wa kwanza, alikuja akijipangusa mikono.

"Njoo uone mti aliokupandia baba yako."

Binti aliisogelea picha, akautazama mti kwa muda, kisha akanitazama mimi. Yeye alikuwa amekulia chini ya ule wenyewe. Alinimiminia chai, nami nikainywa yote.